Herufi ya Baridi

Hapa Sodankylä, mwezi wa kwanza,
kipimajoto cha dirishani kimeshuka hadi thelathini na moja
chini ya sufuri, na bado kinatafuta sakafu.
Gari langu la dizeli limelala uani
na waya wa umeme puani, kama mgonjwa wa wadi.

Mimi ni muuguzi wa majumbani.
Kilomita nne kwa Elvi, kumpima presha.
Tatu kwa Uuno, kumfunga kidonda.
Mbili kurudi kwa Uuno, nimesahau miwani.
Injini haijapata joto la kushiba
tangu theluji ya kwanza.

Jumamosi nikavuta kijiti cha oili.
Nilitarajia imepungua.
Imepanda.
Imepita alama ya juu kwa upana wa kidole.
Nikafurahi, nakiri, furaha ya mjinga:
kumbe gari hili linajizalishia,
na yuro sitini zangu zimepona.

Kisha nikaikumbuka miguu ya Elvi asubuhi ile,
jinsi soksi zilivyochimba mfereji kwenye kifundo.
Binti yake alisema, "Mama ameanza kunenepa, afadhali,"
nami nikabonyeza kwa kidole gumba,
na shimo likabaki pale, likinitazama.
Kuvimba si kunenepa.
Daktari nilimpigia nikiwa bado nimepiga magoti.

Nikakinusa kijiti.
Dizeli.

Dukani kwa Hannele rafu ya oili ni ndefu kuliko ya mkate.
Madumu meusi, madumu ya dhahabu,
moja jekundu lenye picha ya gari la mashindano
ambalo halijawahi kufunga breki kumpisha kulungu wa theluji.
Nilishika la bei nafuu, 15W-40, lita tano.
Hannele akanipokonya hata salamu hajatoa.
"Hii ya trekta la kaka yangu. Tena la kiangazi.
Hiyo W ni herufi ya baridi.
Namba iliyoitangulia ikiwa ndogo, oili huamka mapema.
Hii yako, alfajiri ya leo, ingetambaa kama asali ya mwaka juzi,
na kabla haijafika kwenye tabo
tabo ishasaga meno."

Nikachukua 0W-30. Nilijiona nimehitimu.
"Kijitabu cha gari kinasemaje?"
Kijitabu! Kilikuwa chini ya glovu na bandeji,
bado kinanuka kiwandani.
Tukakisoma juu ya kaunta, vichwa vikigusana,
hadi tukaiona, kwa maandishi ya chungu: C3.
Dumu nililoshika halikuwa nayo. Lililofuata lilikuwa nayo.

"Una chujio la masizi kule nyuma," akasema.
"Masizi huungua yakaisha. Majivu hayaungui mara mbili.
Oili isiyofaa huacha majivu mengi,
na majivu yakishahamia humo hayalipi kodi, wala hayahami."
Akapiga bei kwenye mashine.
"Hata hii iliyo sawa haitakusaidia
ukiendelea kwenda hatua tatu na kuzima.
Gari linaanza kuchoma uchafu wake, wewe unalikatiza,
na dizeli iliyobaki inateremkia kwenye oili.
Lipeleke mbali. Litoke jasho."

Nilinyamaza. Maneno hayo ni yangu.
Ndiyo ninayomwambia Uuno kila wiki:
dawa nimekuletea, lakini tembea, mzee, tembea.
Naye hunitazama vile nilivyokuwa namtazama Hannele.

Gereji walifungua skrubu ya chini;
ikatoka nyeusi, nyepesi kama chai ya hospitali.
Ile mpya ikaingia polepole, rangi ya kaharabu.
Nilikipangusa kijiti mara tatu, si kwa shaka,
kwa raha tu ya kuona alama na ukweli vimekutana.

Jumapili nikashika barabara ya kusini,
kilomita mia moja na thelathini bila kusimama,
mshale wa joto umetulia katikati.
Nilifika Rovaniemi.
Sikuwa na shughuli yoyote Rovaniemi.
Nikanunua mkate, nikageuza.